Mashine ya kukerezea mabakuli: maswali ninayoulizwa kila siku kabla mtu hajatoa hela yake

Mimi nakereza mabakuli ya mbao, karakana iko Dar, na hakuna wiki inapita bila mtu kunipigia simu au kusimama mlangoni akiuliza anunue mashine gani. Wengi ni mafundi seremala tayari, wengine ni watu wa ofisini wanatafuta kazi ya mikono ya jioni, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike yote mara moja. Mashine yenyewe kuna wanaoiita kerezo, kuna wanaosema lethi, hapa nitasema mashine tu.

Nina mashine ya kukereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Si naweza kuitumia hiyo hiyo?

Hili ndo linaloumiza watu wengi, maana ukienda dukani ukasema unataka mashine ya kukereza mbao utaonyeshwa hiyo, soko letu ni la vitanda na makochi. Sasa angalia tofauti. Mguu wa kitanda ni mwembamba na mrefu, umeshikwa kichwani na mkiani, nyuzi za mbao zinakwenda na urefu, na ukiuzungusha kasi ndo unatoka laini. Bakuli ni kinyume kabisa. Gogo ni pana, zito, mara nyingi halijakaa duara, ukifika kuchimba ndani linakuwa limeshikwa upande mmoja tu, na nyuzi zimelala mkingamo kwa hiyo kila mzunguko mmoja patasi inakutana na vichwa vya nyuzi mara mbili na ubavu wake mara mbili. Mashine ya bakuli inatakiwa iwe pana, nzito na iweze kwenda taratibu. Hii ya miguu ni ndefu, nyepesi na ina haraka.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya hivyo. Muuzaji aliniapia kwamba inafanya kazi zote, kitanda chake, yaani zile reli ndefu zinazobeba kichwa na mkia wa mashine, ni mabomba mawili ya bati, puli za hatua 4, na mwendo wa chini kabisa ulikuwa mizunguko 850 kwa dakika. Nikafunga gogo bichi la mwembe, inchi 10, upande mmoja bado lina ganda, nikawasha. Hazikufika sekunde tano, meza nzima ikaanza kuruka, kiegemeo cha patasi kikalegea chenyewe, skrubu zilizoshika gogo kwenye bamba la chuma la mbele ya shafti zikachomoka na gogo likaenda kugonga bati la ukuta. Alama ya pembe yake iko mpaka leo, usawa wa kifua changu. Nilikuwa nimesogea pembeni kufuata swichi ndo maana sikuumia. Kwa hiyo ninaposema mwendo wa chini na uzito, sisemi kwa sababu nimesoma mahali, nasema kwa sababu ya lile bati.

Kipimo cha kwanza cha kuangalia ni kipi?

Umbali kutoka katikati ya shafti mpaka kitanda cha mashine. Ukiuzidisha mara mbili ndo unapata bakuli kubwa kabisa linaloweza kuzunguka bila kugusa. Kukiwa na inchi 6, mashine ni ya inchi 12, lakini usiamini ile 12 yote, gogo bichi halijawa duara na kile kiegemeo na mguu wake unaoitwa banjo vinataka nafasi pia, hesabu 11 na hapo umeshakaza.

Urefu kati ya kichwa na mkia usikuhangaishe. Bakuli lina kina cha inchi 4, haya 6. Watu wanalipia kitanda cha futi 4 halafu futi 3 zinabaki kuwa rafu ya kuwekea vumbi la mbao.

Majina ya mashine nyingi yamebeba vipimo humo humo, ukijua kuyasoma muuzaji hakuchanganyi. JET 1221 ni upana inchi 12, urefu inchi 21. JET 1642 ni 16 kwa 42. Lakini Powermatic 3520 wamegeuza, 35 ni urefu na 20 ndo upana, kwa hiyo usije ukasoma ukadhani inabeba bakuli la inchi 35.

Upana gani unakutosha? Mabakuli yanayotoka sana kwangu ni inchi 7 mpaka 10, ya matunda na kachumbari, na ya karanga madogo zaidi. Mashine ya inchi 12 inafanya yote hayo. Kama ndoto yako ni chano na masinia makubwa ya pilau ya kulia watu wanne, anzia 16, na hapo jua na bei inapanda vibaya.

Mwendo unatakiwa uwe ngapi?

Kuna hesabu rahisi wakerezaji wanatumia: kipenyo kwa inchi zidisha na mizunguko kwa dakika, jibu likae kati ya 6000 na 9000. Bakuli la inchi 10 maana yake 600 mpaka 900, la inchi 12 ni 500 mpaka 750. Lakini hiyo ni kwa gogo ambalo limeshakaa sawa. Gogo bichi lenye ganda upande mmoja unaanzia chini zaidi, 200, 300, unapandisha kidogo kidogo mpaka uone mashine imeanza kutetemeka halafu unarudi nyuma kidogo.

Kama namba hazikuingii kichwani zigeuze ziwe barabara. Ukingo wa bakuli la inchi 12 likiwa kwenye 850 unakimbia karibu kilomita 49 kwa saa, yaani bodaboda iliyoshika mwendo, na wewe uso wako uko hatua moja. Likiwa kwenye 300 ukingo unakwenda kama kilomita 17, baiskeli tu. Gogo ni lile lile.

Kwa hiyo ukiangalia kibati cha mashine usishangilie ule mwendo wa juu wa 3600, angalia wa chini. Ikiwa 500 bado inavumilika kwa vibakuli vidogo. Ikiwa 800 iache ilipo. Ikishuka mpaka 250 au 100 au 60, hapo sasa tunazungumza mabakuli.

Mota iwe HP ngapi, na umeme wa nyumbani utaiweza?

HP ni nguvu farasi, na HP moja ni wati 746. Kwa mashine ya inchi 12 mimi natafuta HP 1, robo tatu inakwenda ila ukikaza patasi inasimama, na hilo si jambo baya kwa anayejifunza maana mota ikisimama inakufundisha kupunguza tamaa. Kwa inchi 16 tafuta 1.5 mpaka 2, kwa inchi 20 ni 2 mpaka 3. Jihadhari na vibati vya kusifia, utakuta mota imeandikwa HP 2 wakati ukiisoma ampia zake kwa volti 230 unapata 4 tu, na ampia 4 kwa 230 ni wati 920 za kuingia, zitatokaje HP mbili ambazo ni karibu wati 1500? Piga hesabu hiyo hapo hapo dukani na simu yako.

Umeme wa fezi moja wa nyumbani unaiweza HP 2 bila shida. Shida iko kwenye waya. Mtu ananunua ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, anaivuta mita 20 mpaka uwani, mota inapata volti pungufu, inachemka, analaumu mashine. Weka waya wa milimita 2.5 na soketi yake peke yake. Na kuhusu LUKU, HP 1 ukiikaza kwelikweli saa nzima inakula karibu uniti moja, lakini hakuna mtu anayeikaza saa nzima, nusu ya muda unanoa na kuangalia ulichofanya.

Ya puli na mkanda au ya kitufe cha kuzungusha mwendo?

Kama hela inaruhusu, ya kitufe, yaani mwendo unapanda na kushuka huku mashine inazunguka. Kwa bakuli hiyo siyo anasa, gogo linabadilika kila dakika kadiri linavyokaa sawa na wewe unatakiwa uupate ule mwendo ambao haitetemeki. Ya puli unazima, unafungua kifuniko, unalegeza mota, unahamisha mkanda, unakaza, na binadamu tulivyo tukichoka tunasema aah iache tu hivi hivi, na hapo ndo ajali inapoingia.

Ila hata za kitufe zina aina. Nyingi ndogo zina mota ya DC na kadi ya umeme, zinafanya kazi vizuri ila ile kadi ndo inakufa kwanza, haipendi vumbi wala umeme wa kukatikakatika, uliza kabisa kama kadi ya akiba inapatikana. Kubwa zina mota ya fezi tatu na inveta, inveta inachukua fezi moja ya nyumbani kwako na kuitengenezea mota fezi tatu, inaanza taratibu bila kushtua umeme, na ikifa unapata nyingine kwa wauzaji wa vifaa vya pampu na viwandani, haina haja iwe ya kampuni ile ile. Nova DVR yenyewe haina mkanda kabisa, shafti ndo mota.

Na kitu kimoja hawasemi wauzaji: hata yenye kitufe kuna puli 2 au 3 ndani. Ukiiacha kwenye puli ya kasi halafu ukashusha mwendo kwa kitufe, mota inakosa nguvu, gogo linasimama. Kwa kazi ya kuchonga gogo bichi hamisha mkanda kwenye puli ya nguvu kwanza. Nimeletewa mashine mbili zinazodaiwa mbovu, zote tatizo lilikuwa hilo, nimehamisha mkanda mtu kaondoka nayo.

Ndugu yangu aliyeko Marekani ananitumia mashine, ni ya volti 110. Niikubali?

Muulize kwanza mota ni ya aina gani kabla hajailipia meli. Kule ni volti 120 na hezi 60, huku kwetu 230 na hezi 50. Transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi. Mashine yenye DC na kadi, au yenye inveta, hezi hazina neno kwa sababu umeme unageuzwa ndani kwanza, unahitaji transfoma tu, na isiwe ile ndogo ya blenda, kwa HP 1 chukua ya VA 3000. Mota ya kawaida ya AC isiyo na kadi, hiyo itazunguka polepole, tano kwa sita ya mwendo wake, na itachemka zaidi. Inapunguza joto ukishusha volti mpaka 100 badala ya 120, lakini mi naona rahisi kuliko yote ni kuitoa hiyo mota na kufunga ya hapa, mashine ya puli haijali mota imetoka wapi mradi shafti na puli vinaingiliana.

Mashine yangu inatembea sakafuni. Nifanyeje?

Ongeza uzito. Hakuna siri nyingine. Mashine ya mezani yenye kilo 40 haitakiwi kukaa kwenye meza ya kulia chakula, ijengee meza ya mbao nene au chuma, weka rafu chini na upange mifuko ya mchanga, mimi kwangu iko mifuko minne ya saruji iliyojazwa mchanga na ile mashine imetulia kama kaburi. Kama sakafu ni ya zege na eneo ni lako, toboa uifunge kwa bolti. Lakini usiongeze uzito kuficha gogo lililokaa vibaya, kwanza lipunguze gogo pembe zake kwa msumeno mpaka likaribie duara, halafu ndo ulipandishe.

Wakati unatengeneza meza pima na urefu: simama wima, kunja mkono, katikati ya shafti iwe sawa na kiwiko chako au juu kidogo. Ikiwa chini, mgongo utakwambia kabla ya mwezi kuisha. Watu warefu hili wasilipuuze, mashine nyingi zinakuja na miguu iliyotengenezewa mtu wa wastani.

Chaki ni nini na mbona kila mtu anauliza thredi ya shafti?

Chaki, si ile ya ubaoni, ni kishikio cha chuma chenye meno manne kinachobana kwa pamoja ukizungusha ufunguo. Hiki ndo kinashika bakuli kwenye kitako wakati unachimba ndani. Kinafungwa kwenye shafti kwa thredi, na thredi zisipolingana una vyuma viwili visivyooana.

Zilizo za kawaida ni hizi. Inchi 1 yenye thredi 8 kwa inchi, mashine nyingi za kati. M33 kwa 3.5, nyingi za Ulaya na kubwa za siku hizi. Inchi 1 na robo yenye thredi 8, kubwa za Kimarekani. Robo tatu yenye 16, zile ndogo za zamani, hiyo ni nyembamba sana kwa gogo zito, sikushauri. Nyingine yoyote nje ya hizo jiulize mara mbili, maana kila kifaa utakachonunua baadaye kitakuwa cha kuchongesha. Na ikiwa shafti haina thredi kabisa, ina ule mwiba wa kushikia mguu wa kitanda basi, hiyo siyo ya mabakuli, tumeshaongea.

Chukua chaki ambayo thredi yake ni kipande kinachotoka, siku ukibadilisha mashine unabadilisha hicho kipande tu. Na kama mashine inaweza kuzunguka kinyume, hakikisha chaki ina kiskrubu cha kuifungia kwenye shafti, vinginevyo ukirudisha nyuma inajifungua yenyewe na bakuli linashuka na chaki yake.

Ile shina ya kushikia chini ya bakuli iwe kama theluthi ya kipenyo, bakuli la inchi 9 shina la inchi 3, na isifike kugusa sakafu ya chaki, mabega ya bakuli ndo yakae juu ya meno. Mabakuli mengi yanayoruka mikononi mwa wanaoanza yameruka kwa sababu ya hapo.

Nimeona ya mtumba. Nikienda kuiangalia nikague nini?

Nenda mchana na uende na tochi. Kabla hajaiwasha ishike shafti kwa mikono miwili, itingishe juu chini na mbele nyuma, ikicheza hata kidogo beringi zimekwisha. Izungushe kwa mkono mkanda ukiwa umelegea, sikiliza, mlio wa mchanga ni beringi. Hilo peke yake lisikukimbize, beringi zina namba ukingoni, mfano 6205 ni ya shafti ya milimita 25, zinapatikana duka lolote la spea, ila lipunguze kwenye bei. Kisichopona ni shafti iliyopinda au thredi zilizolika, angalia thredi kwa tochi polepole kama unatafuta mbegu kwenye mchele.

Halafu weka ncha kali kichwani na nyingine mkiani, sogeza mkia mpaka ncha zikaribie kugusana. Zikutane. Zikipishana unene wa kucha, uliza kwa nini. Kwa bakuli siyo kifo maana muda mwingi mkia hauutumii, lakini ni dalili kwamba mashine ilianguka au imefunguliwa na mtu asiyejua.

Banjo na kiegemeo kaza kwa mkono wako mmoja kisha uegemee na uzito wako. Kikiteleza, ndo kile kilichonipata mimi.

Mwisho mwambie aiwashe kwa mwendo wa chini kabisa na uiache dakika kumi huku mnapiga stori. Weka mkono juu ya mota. Nusa. Muuzaji anayekuharakisha kwenye hizo dakika kumi ana sababu yake.

Fundi wa kuchomelea anasema atanitengenezea kwa bei ndogo. Nimwamini?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naamini sana kwenye hili, na mashine yangu ya pili ilikuwa hivyo na ilinilipia ya tatu. Mafundi wetu wa mtaa wa Gerezani hapa Dar na kwingineko wanaweza. Tatizo huwa siyo fundi, tatizo ni kwamba unamwambia nitengenezee mashine ya kukereza na yeye anatengeneza ya miguu ya vitanda, ndo anayoijua. Mchoree.

Kitanda kiwe cha chaneli nzito au I-bimu, siyo skwea paipu nyembamba. Kifupi, futi 2 na nusu zinatosha, chuma ulichookoa kwenye urefu kiweke kwenye unene. Kichwa kiwe kirefu, inchi 7 au 8 kutoka kitandani mpaka katikati ya shafti, kikiwa kimekazwa na pembetatu pande zote. Shafti isipungue milimita 30, beringi za kukaa kwenye nyumba zake, zile za UCP 206, mbili, na ziwe mbali kidogo moja na nyingine, inchi 6 hivi, zikibanana bakuli likiwa zito shafti inanesa. Mbele ya shafti mpeleke fundi wa lethi ya chuma akukatie thredi ya inchi 1 kwa 8, na uende na chaki yenyewe ili aijaribishie hapo hapo. Asichomelee bamba moja kwa moja kwenye shafti, utajifungia njia.

Mwendo unaupata kwa puli. Mota ya kawaida inazunguka 1420, ukiweka puli ya inchi 2 kwenye mota na ya inchi 8 kwenye shafti unapata 355, mahali pazuri pa kuanzia gogo. Puli za hatua zinakupa na 700 na 1000 ya kumalizia. Ukitaka kushuka chini ya hapo weka shafti ya kati yenye puli zake. Na mkanda wote ufunikwe, wote, usiku ule unaosema nitafunika kesho ndo vidole vinakwenda.

Mkia unaweza kuwa wa bolti ndefu nene yenye ncha na gurudumu la kuzungusha, kazi yake kwenye bakuli ni kuegemeza gogo wakati wa mwanzo tu.

Majina makubwa au ya Kichina?

Oneway ya Kanada, Robust ya Marekani, Vicmarc ya Australia, hizo mtu akinunua wajukuu watazirithi, na bei zake zinafanana na maelezo hayo, halafu ongeza meli na ushuru. Nova na JET na Record Power ziko katikati. Za Kichina zisizo na jina au zenye jina jipya kila duka, nyingi zinatoka kwenye miundo michache ile ile na rangi tofauti, na nyingine ni nzuri kabisa. Nachagua kwa chuma: kitanda cha chuma cha kumimina nachukua, cha bati lililokunjwa naacha, jina liwe lolote. Gonga kwa kucha, chuma cha kumimina kinajibu kwa sauti nzito fupi, bati linalia kama sufuria.

Nina milioni moja na nusu. Nimalize yote kwenye mashine?

Hapana jamani. Igawanye, mashine isizidi nusu au zaidi kidogo. Unahitaji chaki, unahitaji patasi ya bakuli, ile yenye mfereji mrefu wa kina inayoitwa gauji, ya HSS, chuma kigumu kisicholegea kikipata joto, inchi nusu, moja nzuri tu ndo utaitumia kwa asilimia kubwa ya kazi yote. Ukinunua angalia ni kipimo cha nani, Waingereza wanapima mfereji na Wamarekani wanapima fimbo, kwa hiyo gauji ya Kiingereza ya 3/8 ndo ya Kimarekani ya 1/2. Usitumie patasi za seremala za kugonga na nyundo, wala zile za kuchongesha kutoka kwenye faili la zamani, faili ni gumu ila linakatika kama kioo likinaswa.

Halafu jiwe la kunolea la umeme, inchi 8, lile la mizunguko 1420 siyo la 2850, na kishikio cha kunolea ili pembe iwe ile ile kila mara. Utanoa mara nyingi kuliko unavyofikiria, kwa mninga mimi nanoa kila baada ya dakika kumi, kumi na tano. Mashine ya bei ndogo yenye patasi kali inatoa bakuli zuri, kinyume chake sijawahi kuona.

Nitumie mbao gani wakati najifunza?

Mwembe. Uko kila mahali, watu wanakata kupisha ujenzi na wanakushukuru ukiondoa gogo, ukikaa kidogo baada ya kukatwa unapata mistari myeusi na rangi za chai ambazo wateja wanazigombania. Mfenesi una njano nzuri, mgrevilea ukipata kwa watu wa Arusha na Kilimanjaro unakereza vizuri mno. Mninga na mkongo viache mpaka mkono utulie, na hivyo vya asili magogo yake yanataka vibali vya TFS, wakala wa misitu wa serikali, usiokote okote barabarani. Mpingo ni mzito unazama majini, unatafuna patasi, siyo wa kujifunzia.

Gogo bichi kereza nene kwanza, ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya kipenyo, bakuli la inchi 10 ukuta inchi 1. Pakaa nta kwenye vichwa vya nyuzi, liingize kwenye mfuko wa karatasi, liweke mahali hapapigwi upepo wala jua. Lipime kwenye mizani kila wiki uandike kwa penseli kitakoni, uzito ukiacha kushuka limekauka, litakuwa limejikunja kidogo kama yai, ndo unalirudisha kwenye mashine kulimalizia. Kwa joto la Pwani mwembe kwangu unachukua miezi miwili mpaka minne.

Naweza kufanya kazi hii nyumbani, kuna watoto?

Unaweza, ila chumba kiwe na mlango unaofungika na swichi ya ukutani ya kukata umeme wote. Ngao ya uso mzima, siyo miwani peke yake. Glavu hapana, mikono mirefu hapana, kanzu hapana, ushungi na mtandio uufunge nyuma uuingize ndani ya vazi, nywele ndefu zifungwe. Mashine haivuti kipande, inakuvuta wewe.

Vumbi ulichukulie kwa uzito ule ule. Mvule hasa unawasha ngozi na kubana kifua, mpingo na mkongo pia, vaa barakoa ya kweli ya vumbi na usipige msasa na mlango umefunga. Mama mmoja jirani alikuja kuniambia mwanae anakohoa kila nikipiga msasa jioni, nikahamisha kazi hiyo upande wa pili wa uwanja na kuweka feni inayotoa nje, ningepaswa kufanya hivyo tangu mwanzo.

Na kabla ya kuwasha, kila mara, zungusha gogo kwa mkono mzunguko mmoja mzima uone haligusi kiegemeo, angalia kitufe cha mwendo kiko chini kabisa, toka kwenye mstari wa gogo usimame pembeni, ndo ubonyeze.

Bakuli la kwanza liwe la ukubwa gani?

Inchi 6, kina inchi 2, mwembe, mwendo usizidi 900. Ukishafanya matano ya hivyo nipigie, ndo tuongee kuhusu hiyo mashine ya inchi 16 unayoitaka.